Fundi, Leseni na Mhuri: Historia ya Mafunzo na Utambuzi wa Mafundi Umeme Tanzania Bara tangu 1908

Utangulizi

Mtu anayejenga nyumba Mbagala, Nyegezi au Njombe na kutaka kuunganishiwa umeme hukutana na watu wawili ambao kwa mujibu wa sheria wangepaswa kuwa mmoja. Wa kwanza ni fundi aliyechonga kuta, akapitisha mabomba, akavuta nyaya na kufunga swichi na soketi. Wa pili ni mkandarasi mwenye leseni, ambaye mhuri wake hugongwa kwenye fomu inayopelekwa TANESCO. Pengine watu hao ni mmoja kweli. Lakini yeyote aliyewahi kujenga anajua kwamba mara nyingi fundi hufanya kazi yake, akalipwa, kisha mhuri ukatafutwa baadaye na kulipiwa peke yake. Aliyegonga mhuri huenda hajawahi kuingia katika nyumba hiyo.

Makala haya yanachunguza historia ya mwachano huo. Mjadala wa kawaida huuliza kwa nini mafundi wa mtaani hawafuati sheria. Swali hilo lina kasoro, kwa kuwa linachukulia kwamba sheria na fundi waliwahi kuwa mahali pamoja, kisha fundi akaondoka. Ninachouliza hapa ni lini na kwa njia gani ujuzi wa kufunga umeme na hati ya kuuthibitisha vilianza kwenda njia mbili. Hoja ninayoitetea ni kwamba mpaka kati ya fundi mwenye leseni na fundi asiyenayo haukuchorwa na ujuzi peke yake. Ulichorwa pia na ufikaji: shule ziliweza kumfikia nani, lugha ya mafunzo ilieleweka na nani, na mwajiri mkubwa alimwajiri nani. Kila mara nyaya ziliposambaa haraka kuliko shule, pengo lilizibwa na watu walioachwa nje ya mpaka huo. Pamoja na hayo, sikusudii kumpamba fundi wa mtaani. Lipo jambo moja ambalo mtaa haukuwahi kulifundisha vizuri, nalo ni kupima. Nitalirudia mbele.

Umeme wa karakana na umeme wa mkonge

Huduma ya kwanza ya umeme kwa umma katika Tanganyika ilianzishwa na utawala wa Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1908. Ilihudumia karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakoloni. Mwaka 1920, chini ya Waingereza, iliundwa idara ya serikali ya umeme ili kuendesha mitambo iliyoachwa na Wajerumani, na mwaka 1931 shughuli hiyo ikakabidhiwa kampuni binafsi mbili. DARESCO ilishika Dar es Salaam na miji ya reli ya kati kama Dodoma, Tabora na Kigoma. TANESCO, iliyoandikishwa Novemba 1931, ilielekea kaskazini, na mtambo wake wa maporomoko ya Pangani ulioanza kazi mwaka 1936 uliwafaa zaidi wenye mashamba ya mkonge ya Tanga.

Ramani hiyo ya awali inaeleza mengi kuhusu mafundi. Umeme ulikwenda penye reli, bandari, shamba kubwa na makazi ya watawala, na ufundi wake ukazaliwa hukohuko. Wahandisi walikuwa Wazungu. Biashara ya kufunga nyaya katika majengo ya mijini ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa mafundi na wafanyabiashara wa asili ya Asia, ambao waliurithisha ujuzi ndani ya familia na duka. Mwafrika aliingia kama kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo, au kama msaidizi wa kubeba ngazi na kushika mwisho wa waya. Alijifunza kwa kutazama. Cheo ambacho mafundi wa leso wanakiita saidia fundi kina mizizi katika mpangilio huo, ingawa leo hakifungamani tena na rangi ya mtu.

Elimu ya ufundi ya darasani ilichelewa. Shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa mwaka 1951, ya Moshi ikafuata mwaka 1957, na mwaka huohuo ikaanzishwa taasisi ya ufundi ya Dar es Salaam ambayo leo ni DIT. Kwa hiyo, umeme ulikuwa umetimiza zaidi ya miaka arobaini nchini kabla kijana wa Kiafrika hajapata nafasi ya maana ya kuusoma ufundi kwa utaratibu. Hata alipoipata, alikutana na kanuni zilizoandikwa kwingine. Rejea ya ufungaji wa nyaya ilikuwa kanuni za taasisi ya wahandisi wa umeme ya Uingereza, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1882 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Zilifundishwa kwa Kiingereza, na waliozijua kwa kuzisoma walikuwa wachache kuliko waliozijua kwa kuambiwa na fundi mkuu kwamba waya huu usiuguse na ule uukunje hivi.

Dola kama mwajiri na mwalimu

Baada ya uhuru, serikali ilinunua hisa za kampuni za umeme mwaka 1964, na kufikia mwaka 1975 TANESCO ilikuwa mali yake kikamilifu. Mtambo wa Hale ulianza mwaka 1964 na Kidatu mwaka 1975. Kidatu ndicho kilichobadili hesabu: umeme mwingi wa maji katikati ya nchi, na njia kuu ya kuufikisha Dar es Salaam. Kuanzia hapo mtu angeweza kusema nchi ina gridi.

Katika kipindi hicho dola ilikuwa mwajiri mkuu wa mafundi umeme na papo hapo mwalimu wao. TANESCO ilifundisha watu wake. Viwanda vya umma, reli, bandari na wizara ya ujenzi vilikuwa na karakana ambamo kijana aliyetoka shule aliwekwa chini ya fundi mzoefu. Sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1974 iliupa mfumo huu sura ya kitaifa, kwa vituo kama Chang'ombe na kwa majaribio ya ufundi ya daraja la III, la II na la I, ambayo wazee wa fani hadi leo huyaita tredi testi.

Sifa ya tredi testi haijapewa uzito unaostahili katika maandishi kuhusu elimu ya ufundi nchini. Mtahiniwa hakuulizwa kwanza alisoma wapi. Aliulizwa anaweza kufanya nini. Mtu aliyejifunzia kazini aliweza kujiandikisha, akapewa ubao, mabomba, nyaya na mchoro, akafunga saketi mbele ya msimamizi, akapanda daraja. Ulikuwa mlango mwembamba, lakini ulikuwa mlango wa mtu wa kazi. Udhaifu wake ulikuwa katika hatua iliyofuata. Daraja lilikuwa na thamani kwa sababu mwajiri wa umma alilitafsiri kuwa mshahara. Mafunzo yalitegemea ajira, na ajira ilitegemea mashirika ambayo katika miaka ya 1980 yalianza kuyumba na katika miaka ya 1990 kubinafsishwa au kufungwa. Karakana zilipofungwa, hazikupotea kazi tu. Nafasi ambamo kijana alikaa miaka mitatu karibu na mtu mzima anayejua ilipotea pia, na hakuna chombo kilichoirithi.

Milango mingi na mhuri mmoja

Miaka ya kati ya 1994 na 2008 ndiyo iliyojenga fani ya ukandarasi wa umeme kama tunavyoijua. Sheria Na. 1 ya mwaka 1994 iliunda VETA. Mwaka 1997 ziliundwa upya bodi mbili: Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa Sheria Na. 15 na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa Sheria Na. 17, ambayo ya pili husajili wakandarasi wa umeme. EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ilianza kazi mwaka 2006, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ikaiweka shughuli ya ufungaji wa mifumo ya umeme miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni.

Kila chombo kati ya hivi kilikuwa na sababu nzuri ya kuwapo. Tatizo ni jinsi vilivyojipanga mbele ya mtu mmoja. Cheti cha ufundi kinatoka VETA. Leseni ya kufunga inatoka EWURA, katika madaraja yanayotofautisha ukubwa wa kazi. Usajili wa kampuni ya ukandarasi unatoka kwa bodi, pamoja na ada ya kila mwaka, ofisi, vifaa na wataalamu wenye sifa. Ukitazama kutoka juu, ni mfumo wenye ngazi. Fundi anayeutazama kutoka chini, akiwa na elimu ya darasa la saba na miaka kumi na mitano ya kazi, anauona kama ukuta wenye milango isiyoelekeana.

Linganisha na mhandisi. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango maalumu wa mafunzo kazini unaomchukua mhitimu wa chuo kikuu kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mwandamizi kabla hajasajiliwa, na baada ya usajili anatakiwa kuendelea kujiendeleza. Bodi ya Makandarasi nayo ina mafunzo endelevu kwa wanachama wake na mfuko wa kuwasaidia wadogo kupata dhamana za zabuni. Hayo ni mambo ya kusifiwa. Lakini yanaonyesha mwelekeo ambao mtafiti hapaswi kuupita: maendeleo ya kitaaluma yaliandaliwa kwa aliyekwisha kuingia. Mwenye shahada alipata uanagenzi uliopangwa, huku fundi, ambaye uanagenzi ndiyo njia yake ya asili ya kujifunza, akiupoteza.

Katika nafasi hiyo ndipo biashara ya mhuri ilipoota. Fundi ana kazi lakini hana leseni. Mwenye leseni hana muda wa kuvuta waya katika kila nyumba ya vyumba vitatu. Mwenye nyumba anataka taa. Mhuri ukawa bidhaa. Nakumbuka fundi aliyefunga nyumba ya ndugu yangu. Alikuwa na koleo, bisibisi, na tesita ya kuwaka taa mfukoni, na kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba mabomba yalinyooka kama yamechorwa kwa rula. Nilimuuliza mhuri ataupata wapi. Akanijibu kwamba ana mtu wake, kwa sauti ileile ambayo mtu angesema ana duka lake la kununulia saruji.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye kupima. Kufunga umeme kuna nusu mbili. Nusu ya kwanza ni mikono: kuchonga, kupitisha, kuunga, kufunga. Mtaa unaifundisha vizuri, pengine kuliko darasa. Nusu ya pili huja kabla umeme haujawashwa: kuhakikisha kihami cha waya hakivujishi, kwamba waya wa ardhi umeshika kweli na haukuchomekwa tu kwa ajili ya kuonekana, kwamba sakiti breka itakatika kwa muda unaotakiwa hitilafu ikitokea. Kazi hiyo haifanywi kwa tesita ya mfukoni. Inahitaji kifaa kama Megger, na inahitaji mtu anayejua namba iliyoonekana ina maana gani. Nyumba isiyopimwa huwaka taa kama iliyopimwa. Tofauti huonekana siku mtoto anaposhika jokofu akiwa pekupeku, au waya uliobanwa ndani ya dari unapopata joto usiku. Mhuri ulikusudiwa kuwa ushahidi kwamba nusu hii ya pili imefanyika. Ulipoanza kuuzwa peke yake, kilichopotea hakikuwa heshima ya sheria tu. Kilipotea kipimo chenyewe, kwa kuwa fundi aliamini mwenye mhuri atapima, na mwenye mhuri aliamini, au alijifanya kuamini, kwamba fundi amepima.

Vifaa vinavyobadili kazi

Teknolojia haikuingia katika fani hii kwa mwendo mmoja. Luku, mita ya kulipia kabla iliyoanza kutumika miaka ya 1990, ilibadili uhusiano wa mteja na shirika zaidi ya ufundi wa ndani ya nyumba. Iliondoa msoma mita na bili, ikaleta kishawishi cha kuchezea mita, na neno vishoka likazidi kusikika kwa matapeli wanaojifanya watumishi wa shirika. Athari yake mbaya kwa mafundi waaminifu ni kwamba mwananchi alianza kumtilia shaka kila mtu mwenye ngazi begani.

Umeme wa jua ulikuwa na historia tofauti, na inafundisha zaidi. Mafunzo muhimu ya sola hayakuanzia mjini. Huko Karagwe, mkoani Kagera, mahali ambapo gridi ilikuwa ndoto, kituo cha KARADEA kilianza mwaka 1993 kufundisha mafundi wa sola, wakiwamo waliotoka nchi jirani. Fani nzima ilijengwa pembezoni kabla vyuo vya mijini havijaiweka katika mitaala. Baadaye, mwaka 2011, wanawake wa vijijini kutoka Lindi na Mtwara walikwenda India kusomea ufundi huo katika chuo cha Barefoot, na mwaka 2015 chuo hicho kikafungua kituo Kinyasini, Unguja. Wengi wa wanafunzi wa mpango huo walikuwa na elimu ndogo ya shule au hawakuwa nayo kabisa. Walifundishwa kwa rangi za nyaya, kwa michoro na kwa kurudia kwa mikono. Wakarudi vijijini wakiweza kufunga na kutengeneza mfumo wa taa wa nyumba.

Mfano wa akina mama hawa unatikisa dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba ufundi umeme hauwezi kufundishwa kwa mtu asiyesoma. Ya pili ni kwamba ni kazi ya wanaume. Hata hivyo hauondoi ugumu wa msingi. Betri ya volti 12 haina hatari ya waya wa moto wa volti 230, na ujuzi wa mfumo mmoja haubebwi mzima mzima kwenda mwingine. Wanaotumia mfano huu kudai kwamba vyeti havina maana wanakwenda mbali kuliko ushahidi unavyoruhusu.

Kifaa cha tatu ni kidogo, na kwa maoni yangu ndicho chenye historia ya kuvutia zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, ulikutana na ukweli kwamba gharama ya kuunganishwa ingeweza kushushwa hadi shilingi 27,000, lakini gharama ya wayaringi ilibaki juu ya uwezo wa kaya nyingi. Jibu moja lilikuwa UMETA, yaani Umeme Tayari: kisanduku chenye swichi, soketi na kinga ndani yake, kinachofungwa ukutani katika nyumba ya chumba kimoja au viwili bila kuhitaji kuchonga ukuta wala kuvuta nyaya nyingi. Kwa kaya ni nafuu na ni salama, kwa kuwa kimeunganishwa kiwandani. Kwa fundi wa kijijini ni kazi iliyoondoka. Sioni sababu ya kumlilia kwa hilo, kwani nyumba hizo zisingemwita. Lakini mwenye nyumba anapoongeza chumba cha tatu, humwita fundi huyo avute waya kutoka kwenye kisanduku kilichopimwa kwenda kwenye chumba kisichopimwa.

Kuwafikia walio nje

Juhudi za kuwaingiza mafundi hawa katika mfumo zilianza kwa wasiwasi. Karibu mwaka 2010, VETA kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani ilijaribu utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ikianza na baadhi ya fani za ujenzi na hoteli. Kuanzia mwaka 2016 programu ya taifa ya kukuza ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu iliupanua, ikaongeza na uanagenzi. Sambamba na hayo, VETA ilishirikiana na chemba ya ufundi ya Hamburg, Ujerumani, kujaribu mfumo wa kijana kugawanya muda wake kati ya chuo na mwajiri, ufundi umeme ukiwa mojawapo ya fani zake.

Utaratibu wa utambuzi una mantiki ya tredi testi ya zamani, ingawa watayarishaji wake hawakuutangaza hivyo. Mtathmini humfuata fundi kazini, humhoji, hutazama kazi alizofanya, humpa kazi afanye mbele yake, kisha humwonyesha mapengo na kumpa mafunzo ya kuyaziba kabla ya cheti. Kwa fundi umeme pengo hilo linajulikana kabla ya mahojiano kuanza. Anafunga vizuri, hajawahi kushika Megger. Siku chache za mafunzo ya kupima, zikiambatana na njia ya kulipata au kulikodi kifaa hicho kwa kikundi, zingebadili usalama wa nyumba nyingi kuliko kampeni ya kukamata wasio na leseni.

Linabaki suala la lugha, ambalo watafiti wa elimu ya ufundi hulitaja mwishoni na mimi pia nimeangukia mtego huo. Kamusi ya awali ya istilahi za ufundi ya Rajmund Ohly ilitoka mwaka 1987, na TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mafundi hawakuzisubiri. Wana waya wa moto, wana nyutro, wana ethi, wanasema nyumba imepiga shoti, na wanaelewana bila kukosea juu ya paa saa saba mchana. Kilichokosekana ni kanuni zenyewe kuandikwa katika lugha hiyo. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria za nchi ikaanza. Kanuni za kiufundi za ufungaji wa umeme hazisomwi na mawakili kwanza. Msomaji wake wa kweli yuko kwenye ngazi, na iwapo tafsiri yake itatumia maneno asiyoyatambua, itabidi aendelee kuambiwa na mwingine kilichoandikwa.

Serikali ilieleza mwaka 2024 kwamba umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi ikaelekezwa kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Nguzo huko zinasimamishwa na wakandarasi wakubwa waliosajiliwa na kukaguliwa. Ndani ya nyumba, kutoka mita hadi kwenye taa, waya unavutwa na fundi wa kitongoji au wa kitongoji jirani, na fomu yake inapanda basi kwenda makao makuu ya wilaya kutafuta mhuri.